Pistoni ya MS 440 imegoma kwenye 044 yangu: nitajuaje spea inayoingia?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Nachingwea. Baba mdogo aliniachia chenso ya Stihl ya zamani, stika zimefutika zote, ila hapa kijijini tunaiita 044. Kazi yake ilikuwa kupunguza mikorosho mizee na kupasua mbao kidogo. Ilizimika ikiwa kazini, na nilipoifungua nikakuta pistoni imechubuka. Dukani Mtwara mjini nikauziwa pistoni ya MS 440, wakaniambia ndiyo hiyohiyo 044. Kwenye silinda inaingia vizuri, lakini pini yake haipiti kwenye konrodi (mkono wa chuma unaoshika pistoni). Fundi wa hapa ananishauri ninunue silinda na pistoni ya 046, eti nitapata na nguvu zaidi. Nimekutumia picha. Nitajuaje spea ipi inaingia na ipi haiingii?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na kukutoa wasiwasi: mwenye duka hakukudanganya, na wewe hukukosea mashine. Kilichowaponza wote wawili ni kununua spea kwa jina. Jina la chenso linakupeleka hadi mlangoni tu. Kinachokuingiza ndani ni nambari iliyoko kwenye chuma na kipimo cha venia, kile kifaa cha kubana kitu na kusoma unene wake.

Nimeikuza ile picha yako ya pili, ile ya kasha la injini upande wa baa. Chini ya tope la oili na vumbi la mbao zinaonekana tarakimu 1128. Chukua brashi ya waya laini na petroli kidogo, usugue pale uzione mwenyewe. Nambari za spea za Stihl zina tarakimu kumi na moja, zimegawanywa nne, tatu, nne. Nne za mwanzo ni ukoo wa mashine. Tatu za katikati ni sehemu ya mashine: 020 ni silinda na kasha, 030 ni pistoni na krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), 120 ni kabureta, 160 ni klachi, 400 ni moto. Nne za mwisho ni kitu chenyewe. Ukoo wa 1128 ni wa 044, 046, MS 440 na MS 460. Kwa hiyo jina mnaloitumia hapo kijijini lina ukweli.

Jirani yako mwenye 070 ile kubwa ya kupasulia mbao atakuta 1106, ambao ni ukoo wa 070 na 090. Mwenye 038 au MS 381 atakuta 1119. Mwenye 066 au MS 660 atakuta 1122. Spea ambayo nambari yake inaanza na 0000 imetumika kwenye mashine za koo mbalimbali, na zile zinazoanza na 9 ni vitu vya kawaida kama skrubu, beringi na sili. Tahadhari moja hapa: nambari iliyoyeyushwa pamoja na chuma ni ya ule umbo wa chuma, na mara nyingine haifanani na nambari ya kuagizia. Itumie kujua ukoo, usiipeleke dukani kama oda. Na ile nambari ndefu iliyogongwa peke yake ni ya mashine moja moja, kama namba ya chasisi ya pikipiki, haitakuambia pistoni.

Sasa ukoo umeujua, lakini ukoo si mtu. Ndani ya 1128, silinda ya 044 ina kipenyo cha milimita 50, na ya 046 ina 52. Mwendo wa pistoni kwenye zote mbili ni milimita 36, ndiyo maana 044 inakuwa na sisi (cc, yaani ujazo wa silinda) 70.7 na 046 sisi 76.5. Umeniandikia kwamba pistoni ya MS 440 imeingia vizuri kwenye silinda yako, basi silinda yako ni ya 50. Wewe ni 044 kweli. Tatizo ni kwamba 044 zimetoka kwa namna mbili. Za mwanzo zina pini ya pistoni yenye unene wa milimita 10. Za baadaye wakaikuza hadi 12, na MS 440 zote zimefuata hiyo 12. Silinda ni ileile ya 50, jina ni lilelile, ila tundu dogo la konrodi ni tofauti. Pistoni uliyouziwa ni ya 12 na konrodi yako ni ya 10.

Ukitaka kuhakikisha, toa pini ya zamani, ifute, ushike kwa venia katikati na kwenye ncha zote mbili. Pini iliyolika huwa nyembamba pale katikati ambapo beringi ya sindano inazunguka, kwa hiyo soma ncha, ndiko hakujalika. Ikisoma 10 au pungufu kwa unywele, mjadala umekwisha. Tafuta pistoni ya 044 ya milimita 50 yenye pini ya 10. Zipo, hata zile za Mchina, lakini lazima uitamke hiyo 10 unapoagiza, maana asiyeambiwa atakuletea ya 12 kila mara kwa sababu ndiyo inayotoka zaidi.

Kuna watakaokushauri upanue tundu la konrodi. Kataa. Tundu lile limekazwa kwa moto kiwandani ili sindano za beringi zizunguke juu ya chuma kigumu. Ukilichonga unaondoa ule ugumu, na konrodi ikikatika ikiwa kwenye mizunguko ya kazi inatoboa kasha. Ukiwa na hamu sana ya kutumia pistoni ya 12, njia halali ni kubadilisha krenki nzima pamoja na konrodi yake, kwani konrodi za chenso hazifunguki kama za gari. Hesabu gharama uone kama inalipa. Kwa maoni yangu hailipi.

Kuhusu ushauri wa 046: fundi wako ana hoja nusu. Ni kweli 044 na 046 ni ndugu, mwendo wa pistoni ni mmoja, na huko duniani wapo wanaopachika silinda ya 046 kwenye 044. Lakini pistoni ya 046 ina pini ya 12, kwa hiyo utarudi palepale ulipokwama. Isitoshe silinda ya 52 ina sketi pana zaidi, na mdomo wa kasha la 044 unahitaji kuchongwa ili iketi. Kasha ni la magnesiamu. Likikosewa na mashine ya kuchonga, hakuna wa kulirudishia nyama hapo Nachingwea wala Masasi. Na wewe kazi yako ni mikorosho. Sisi 70 zinamaliza mkorosho wowote ulioko Lindi.

Wakati uko kwenye silinda, niseme jambo ambalo mafundi wetu wa bodaboda wanalikosea kwa nia njema. Kwenye pikipiki, silinda ikichubuka inapelekwa kuchongwa na kutiwa pistoni ya ovasaizi. Silinda ya chenso kama yako ni ya alumini, na ndani imepakwa ngozi nyembamba ngumu ya nikasili au kromu. Hakuna cha kuchonga. Ukiichonga unaitoa ngozi yote, unabaki na alumini tupu ikisuguana na pistoni ya alumini, na itakamata siku hiyohiyo. Ukiwa na shaka na silinda yoyote, chukua sumaku ya spika iliyokufa uiguse ndani: ikishika ina bomba la chuma, isiposhika ni alumini iliyopakwa.

Habari njema ni kwamba silinda nyingi zinazoonekana zimekufa hazijafa. Michirizi unayoiona mara nyingi ni alumini ya pistoni iliyoyeyuka na kuganda juu ya ile ngozi. Pitisha ukucha kwenye mchirizi. Ukucha ukipanda juu ya kitu, ni alumini iliyoganda, inatoka. Ukucha ukizama kwenye mtaro, ngozi imetobolewa, tafuta silinda nyingine. Hiyo iliyoganda naitoa kwa asidi ile ya kusafishia masinki, kidogo sana, kwa kijiti chenye pamba, nje penye upepo, glavu mkononi na miwani machoni. Inachemka na kutoa mapovu ikila alumini. Mapovu yakiisha naosha kwa maji mengi ya sabuni, nakausha, kisha napitisha msasa laini kwa mkono kwa mwendo wa kukatizana. Usiache asidi ikagusa kingo za matundu ya kupitishia hewa, pale alumini iko wazi nayo italiwa.

Sasa njoo kwenye pistoni utakayoagiza. Umbali wa duka la Dar es Salaam hadi kwako ni mkubwa, na ikija mbovu utalipa nauli ya basi mara mbili. Kwa hiyo usimtumie mwenye duka neno "044" peke yake. Mpe vipimo vinne, na umwombe apige picha ya venia ikiwa kwenye pistoni anayotaka kukutumia. Kipenyo cha sketi, karibu milimita 50, pungufu kidogo. Unene wa pini, 10. Unene na idadi ya ringi, ukipima zile za zamani pale zisipolika. Cha nne ndicho wengi hawakijui, nacho ni kimo cha pistoni kuanzia katikati ya pini hadi kichwani.

Kile cha nne hakipimiki moja kwa moja kwa sababu katikati ya tundu hakuna cha kushika. Fanya hivi: pini ikiwa ndani ya tundu, pima kutoka mgongo wa pini, ule upande unaotazama kichwa, hadi usawa wa kichwa cha pistoni, kisha jumlisha nusu ya unene wa pini. Kwako wewe unajumlisha 5. Pistoni mbili zinaweza kulingana kipenyo na pini, lakini moja ikawa na kimo kikubwa zaidi kwa milimita moja. Hiyo moja inatosha kugonga dari la silinda. Na ikiwa fupi, mgandamizo unakosekana na matundu yanafunguka kwa wakati usio wake, mashine inawaka lakini haina nguvu. Angalia pia madirisha na mikato kwenye sketi, yafanane na ya zamani zikiwekwa ubavu kwa ubavu, na vile vipini vidogo vinavyozuia ringi visije vikaangukia kwenye tundu la ekzosi. Ringi ikinasa hapo inavunjika.

Ukishafunga, usiwashe kabla hujapima nafasi ya juu. Kunja kipande cha waya laini wa risasi wa kulehemia redio, ukipitishe kwenye tundu la plagi hadi kiguse ukuta wa silinda juu ya pini, zungusha flaiwili kwa mkono pistoni ipande ikibane na kushuka. Toa waya, pima pale ulipobanwa. Chini ya nusu milimita mimi siwashi mashine hiyo, natafuta gasketi nene. Mshale ulio kichwani mwa pistoni uangalie ekzosi, na klipu za pini ziwe mpya, za zamani usizirudishe hata kama zinaonekana nzima. Klipu ikichomoka inaipeleka silinda yako jalalani.

Lakini ngoja kwanza. Kabla hujatuma hela ya pistoni, tujue ya zamani imekufa kwa nini, la sivyo mpya itafuata njia ileile. Picha yako inaonyesha upande wa ekzosi umechubuka vibaya na upande wa kabureta ni safi. Ingekuwa pande zote zimechubuka kuzunguka, ningesema petroli ilitiwa bila oili. Ingekuwa upande wa kabureta ndio umekwanguka, ningelaumu chujio la hewa na huu mchanga wetu. Upande wa ekzosi peke yake unaniambia joto: mchanganyiko ulikuwa mkavu, ama kwa oili kidogo ama kwa hewa iliyokuwa ikipenya mahali.

Oili tuimalize haraka. Stihl wanasema 1 kwa 50 ukitumia oili yao, na 1 kwa 25 ukitumia oili nyingine ya tu-stroki. Kwa lita tano za petroli ni mililita 100 za oili yao, au mililita 200 za nyingine. Oili ya kupimwa kwa kifuniko cha chupa kwenye lita moja moja ndiyo inayoua chenso msimu wa kupogolea mikorosho.

Hewa ndiyo yenye kazi. Kwenye mashine ya umri huo naishuku mipira kwanza: mpira unaounganisha kabureta na silinda, kibomba chembamba kinachopeleka msukumo kutoka kasha hadi kabureta, na sili mbili za krenki, ile mipira inayoziba ncha zake mbili. Ukunje mpira wa kabureta chini ya jua uone nyufa kwenye mikunjo, ukiupata mmoja tu ubadilishe. Sili zijaribu ukishafunga silinda: ziba ekzosi na mdomo wa kuingizia kwa vipande vya tyubu ya baiskeli vikibanwa na boliti zake, plagi ikiwa imekazwa, halafu pitisha hewa kupitia kile kibomba cha msukumo hadi karibu nusu ba (kipimo cha mgandamizo wa hewa). Paka maji ya sabuni kila kiungo. Nyuma ya flaiwili na nyuma ya klachi ndiko mapovu yanakopenda kujitokeza.

Sili na beringi ndizo spea ambazo huhitaji kuzifuatilia Dar. Sili imeandikwa vipimo vitatu usoni: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene. Beringi imeandikwa nambari ya dunia nzima. Ikiwa imeandikwa 6202, basi ni 15 kwa 35 kwa 11, iwe imetoka Japani, Ujerumani au China, na duka lolote la beringi Mtwara au Masasi litakuwa nayo. Nimetoa mfano, usome ya kwako. Herufi zinazofuata nambari nazo uzinakili, hasa C3, kwa sababu inamaanisha beringi yenye ulegevu kidogo zaidi wa ndani, ya kustahimili joto. Bila C3 itakaza injini ikipata moto. Beringi ya bodaboda yenye vifuniko vya mpira pembeni usiiweke kwenye krenki ya chenso, maana pale inalainishwa na petroli yenye oili inayopita katikati yake.

Plagi ni mtego mwingine. Chenso yako inatumia plagi ya uzi wa milimita 14 yenye shingo fupi ya 9.5, kwa mfano NGK BPMR7A, nafasi ya cheche nusu milimita. Ile D8EA iliyojaa maduka ya pikipiki ina uzi wa 12, itazungukazunguka tu. Hatari zaidi ni plagi ya uzi wa 14 yenye shingo ndefu: inaingia, inakaza, halafu pistoni inakuja kuigonga.

Kabureta soma herufi zilizogongwa ubavuni, iwe Zama, Walbro au Tillotson, kisha nunua viwambo kwa herufi hizo. Jina la chenso hapo halina kazi, kwa sababu mashine ya jina moja imefungwa kabureta za aina tofauti kwa miaka tofauti. Koili na flaiwili vichukue kama jozi. Ukibadilisha kimoja kwa cha mashine ya jirani, hata ya ukoo uleule, sumaku inaweza kupita kwa wakati mwingine na moto ukaja mapema au umechelewa.

Mnyororo nao una lugha yake. Pima kutoka katikati ya ribiti ya kwanza hadi katikati ya ribiti ya tatu, ugawe kwa mbili. Ukipata kama milimita 10.3 ni .404, ule wa 070. Karibu 9.3 ni 3/8, ambao ndio wa kawaida kwa 044. Takriban 8.25 ni .325. Sproketi na pua ya baa lazima vifuate kipimo hicho hicho, na unene wa meno ya chini, 1.3, 1.5 au 1.6, ulingane na mfereji wa baa. Mnyororo wa 1.3 kwenye baa la 1.6 unayumba na kukata upinde, halafu mtu anaanza kulaumu tupa.

Wasomaji wengine mnaouliza kuhusu Husqvarna: mchezo ni uleule. 61, 268 na 272 zina miili inayofanana na silinda za 48, 50 na 52. Kwenye 365 na 372 angalieni kwanza kama ni X-Torq (toleo jingine la injini ya Husqvarna), maana silinda na pistoni zake ni za peke yake. Hata 038 ya Stihl imetoka na silinda za 48, 50 na 52.

Ile pistoni ya 12 uliyonunua, usiifunge wala kuipaka oili. Irudishe na boksi lake pamoja na pini yako ya zamani, umwonyeshe mwenye duka kwa venia yake mwenyewe, mwambie unataka ya pini 10. Akigoma kubadilisha, tafuta mwenye MS 440 umuuzie. Kabla ya kuagiza nyingine nitumie picha ya ile pini ikiwa kwenye venia, na picha ya ndani ya silinda baada ya kuisafisha, upande wa ekzosi, kwa mwanga wa tochi unaotoka pembeni.